Aliyebaki Kambini

Kimana ukiamka mapema, kabla mawingu hayajajipanga, mlima uko pale pale, umesimama juu ya mabati ya maduka, kichwa cheupe. Ikifika saa nne umeshajificha. Watalii wa Amboseli hulipa hela nzuri kuuona. Sisi huuona tukipiga mswaki. Wamaasai wanauita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Ramani inauita Kilimanjaro, na ramani hiyo hiyo inasema si wetu.

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha, keti kwenye kibanda chochote karibu na soko, agiza chai na chapati mbili, kisha useme tu, "Huu mlima ulifaa kuwa Kenya." Utapewa historia nzima bure. Kwamba Malkia Victoria alikuwa na milima miwili mikubwa, mjukuu wake Mjerumani hakuwa na hata mmoja, basi siku yake ya kuzaliwa bibi akamkatia Kilimanjaro kama kipande cha keki. Ndiyo maana mpaka umepinda. Hadithi hii nimeisikia kwa kondakta, kwa mwalimu, na kwa mzee mmoja muuza vitunguu aliyeisimulia kana kwamba alialikwa kwenye hiyo sherehe.

Ni hadithi tamu, ila si kweli. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka mwishoni mwa mwaka 1886. Mjukuu anayesemwa, Wilhelm II, alikuwa bado hajapata kiti; akawa Kaiser mwaka 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa Kaiser ni babu yake mzaa baba. Kilichotokea kilikuwa biashara ya makaratasi. Mwingereza Harry Johnston alikuja huku mwaka 1884 akikusanya mikataba na wenyeji. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke akapata mkataba wake na Mangi Rindi wa Moshi, yule wageni walimwita Mandara. Kisha wanadiplomasia wakaketi Ulaya, wakachora mstari kutoka pwani, ukapita Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta upande wa Waingereza, ukazunguka mguu wa kaskazini wa mlima, halafu ukanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Hapo penye kuzunguka ndipo ilipo Loitokitok. Wamaasai wa Ilkisongo waliokuwa wakichunga pande zote wakajikuta wengine ni wa huku, wengine ni wa kule.

Ila ukiziweka hadithi hizi mbili kando kwa kando, ile ya keki na ile ya makaratasi, utaona kitu. Zote zinamhusu nani alipewa mlima. Hakuna inayouliza nani aliujua, nani aliubebea watu mizigo, nani alikaa kwenye baridi akiwasubiri. Swali hilo lilinikaa kichwani tangu Februari mwaka jana, nilipoupanda na rafiki yangu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata.

Niseme kidogo kuhusu sisi wawili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia, na sasa naandika kwa kulipwa kwa makala. Yeye ni mtoto wa Kimana kabisa. Amekua akichunga ng'ombe wa babake, sasa anauza nyanya kwa malori yanayokwenda Nairobi. Tuliweka akiba karibu mwaka mzima. Wenzetu wakatuona wazimu. "Mnaenda kulipa ndio mkaone kitu mnakiona bure?" Swali zuri tu, ukilifikiria.

Kutoka Kimana hadi Loitokitok ni safari fupi ya matatu. Kutoka Loitokitok unashuka Illasit, unavuka mpaka, unagonga muhuri Tarakea, kisha gari linakupeleka hadi lango la Nalemoru, ndani ya Tanzania. Njia hii inaitwa Rongai. Ndiyo njia ya upande wetu, upande mkavu wa mlima, inayoanzia kwenye mashamba ya mahindi na viazi. Sheria haikuruhusu kupanda bila mwongozaji. Kwa sisi wawili tulipewa watu tisa: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi na wapagazi sita. Pale langoni mizigo ilipimwa kwenye mizani, mmoja mmoja, na majina yetu sisi wawili yakaandikwa kwenye kitabu kikubwa. Jina, umri, nchi, kazi. Rafiki yangu kwenye kazi akaandika "mfanyabiashara", akanikonyeza.

Siku ya kwanza ni msitu na vumbi. Wapagazi walitupita wakikimbia nusu, magunia kichwani, redio ndogo ikicheza kwenye mfuko wa mmoja. Kule wanajiita wagumu. Ukifika kambini umechoka hoi, wewe uliyebeba chupa mbili za maji na koti, unakuta hema lako limeshasimama na maji ya moto yameshachemka. Rafiki yangu, ambaye hajazoea kupikiwa na mwanamume mwenzake, akasimama nje ya hema asijue la kufanya. Mwishowe akaenda kusaidia kumenya viazi. Mpishi akamfukuza kwa heshima: "Kaka, wewe umelipa. Kapumzike."

Usiku ule, kwenye kambi ya Simba, mita 2,650 juu ya bahari, tuliona taa chini. Kenya yote ya kusini imetandazwa gizani. Rafiki yangu akawa ananionyesha kwa kidole: ile ni Loitokitok, zile chache pale lazima ni Kimana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwao kutoka kule ambako siku zote yeye hutazama.

Mpaka ule uliokuwa kati yetu na zile taa una historia yake. Mwaka 1952 ilifunguliwa shule ya Outward Bound pale Loitokitok, na vijana kutoka Afrika Mashariki yote wakawa wanaletwa kufundishwa ukakamavu, kilele cha mafunzo kikiwa kuupanda Kilimanjaro wakitokea huku huku. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na ukakaa umefungwa hadi 1983. Mwaka huo huo wa 1977 ndio Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilifunguliwa kwa umma. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Loitokitok na Kimana kilichokulia chini ya mlima ambao mzee wao angeweza kukuambia alivyoupanda, lakini wao kuugusa ni kuvuka nchi.

Sasa turudi nyuma, kwa yule ambaye vitabu vinasema aliuona kwanza.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchaggani, mwavuli mkononi. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia hiyo vizuri. Asubuhi ile Rebmann akaona weupe juu ya mlima. Akamwuliza mwenzake ni nini. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: ni baridi. Rebmann akaelewa, akaandika kwamba ni theluji, karibu kabisa na ikweta. Habari zilipochapishwa London mwaka uliofuata, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akasema haiwezekani, huyu kaona vibaya. Akashikilia hivyo kwa miaka mingi.

Nilimsimulia rafiki yangu hii tukipanda siku ya pili, pumzi zikitoka kwa awamu. Akacheka mpaka akasimama.

"Ngoja. Yule jamaa alimwambia ni baridi?"

"Ee."

"Na bado wazungu wakabishana miaka na miaka?"

"Ee."

"Si wangemuuliza Bwana Kheri tu."

Hakuna aliyemuuliza. Ubishi mzima ulikuwa kati ya Mjerumani aliyeona na Mwingereza asiyeona. Bwana Kheri, aliyekuwa na jibu kabla swali halijaulizwa, akabaki kwenye shajara ya mwingine.

Baada ya Rebmann wakaja wengi. Baron Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861, akarudi 1862 na Otto Kersten wakapita mita 4,000 na theluji ikawanyeshea. Charles New, mmishonari Mwingereza, akaifikia theluji ya kudumu mwaka 1871. Joseph Thomson, Mskoti mwenye haraka, akapita huku kwetu kaskazini mwaka 1883 akielekea Umaasaini, akavuka tambarare kavu ya Njiri, ambayo leo tunaita Amboseli. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria akapanda hadi karibu mita 5,300 akashindwa. Kila mmoja wao alikuja na msafara wa watu wa pwani na wa Uchaggani, na ukisoma vitabu vyao utawakuta watu hao wameandikwa kama namba: kumi waliugua, watano walitoroka.

Kisha akaja Hans Meyer. Familia yake ilikuwa na kampuni kubwa ya vitabu kule Leipzig, kwa hiyo pesa haikuwa shida. Alijaribu 1887, barafu ikamzuia. Akajaribu tena 1888 na Oscar Baumann, lakini hata mlimani hawakufika vizuri: pwani ilikuwa imewaka, Abushiri na wenzake wamewainukia Wajerumani, na Meyer na Baumann wakakamatwa, wakaachiliwa baada ya fidia kulipwa. Mwaka 1889 akarudi mara ya tatu. Safari hii alianzia Mombasa, upande wa Waingereza, akapitia Taveta. Na safari hii alikuja na rafiki.

Rafiki huyo alikuwa Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mmoja wa wapanda milima hodari wa Austria. Marangu wakapokewa na Mangi Marealle. Waliokwenda nao mlimani, kwa hesabu inayotajwa sana, ni viongozi wawili wa msafara, wapagazi tisa, mpishi na mwongozaji. Kumi na watatu kwa ajili ya wawili. Sisi tulikuwa na tisa kwa ajili ya wawili. Zaidi ya miaka 130 imepita na hesabu haijabadilika sana.

Kilichomfanya Meyer ashinde pale wengine waliposhindwa kilikuwa mpango wa chakula zaidi ya misuli. Teleki na wengine walipochoka ilibidi washuke hadi chini kabisa, nguvu zote zikaishia hapo. Meyer akaweka kambi kwa ngazi. Kambi ya juu ilikuwa kwenye mita 4,300 hivi, na kambi nyingine chini yake. Wapagazi wakawa wanapanda kutoka chini na chakula na kuni, wanaacha, wanashuka, wanarudi tena. Kwa hiyo wale wawili wangeweza kujaribu, washindwe, walale, wajaribu tena bila kuuacha mlima.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Oktoba wakafika ukingo wa shimo la volkano wakiwa wamekwisha, maana ilibidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja moja. Wakashuka. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakarudi na wakafika juu kabisa. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Purtscheller. Alitimiza miaka 40. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyewahi kupewa Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa, ni huyo mwalimu, na alijipa mwenyewe kwa miguu. Meyer akasimika bendera, akaita mahali pale Kilele cha Kaiser Wilhelm, na akachukua jiwe. Nusu ya jiwe hilo alimpa Kaiser, likawekwa kwenye ukuta wa ukumbi ndani ya jumba lake kule Potsdam.

Lakini mimi niliposoma habari hii nilikwama kwa mtu wa tatu.

Pale kambi ya juu, wapagazi wakipanda na kushuka, kulikuwa na mmoja asiyeshuka. Jina lake Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani, wa minazi na bahari vuguvugu, akakaa kwenye mita 4,300 kwa zaidi ya wiki mbili. Meyer na Purtscheller walipokwenda kilele, yeye alibaki. Alilinda hema, akawasha moto, akapika, akasubiri. Waliposhuka tarehe 3 wakiwa hoi, kulikuwa na moto. Waliposhuka tarehe 6 wakiwa washindi, kulikuwa na moto. Ukiutoa moto huo kwenye hadithi, kilele hakipo, kwa sababu mpango wote wa Meyer ulitegemea kuwe na mahali pa kurudi.

Ndipo nikaanza kuhesabu majina. Kituo cha kwanza ukifika ukingoni kutoka Kibo ni Gilman's, kutokana na Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika hapo mwaka 1921. Kinachofuata ni Stella, jina la mke wa mpanda mlima kutoka Afrika Kusini, 1925. Shimo la ndani ni la Reusch, mchungaji wa Kilutheri. Kuna barafu ya Rebmann. Purtscheller ana kilele chake pale Mawenzi. Na kilele kirefu kuliko vyote cha Mawenzi, mita 5,149, kinaitwa Hans Meyer, ingawa Meyer hakuwahi kukifika. Waliofika kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Yaani mlimani unaweza kupewa jina la mahali ulipashindwa. Mwini Amani, ambaye hakushindwa kazi aliyopewa hata siku moja, hana hata jiwe.

Wachagga wana hadithi yao kuhusu Kibo na Mawenzi. Walikuwa majirani. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika anakwenda kuomba kwa Kibo. Kibo akampa mara ya kwanza, akampa ya pili, mwisho akachoka akachukua mchi akamtwanga. Ndiyo maana Mawenzi kichwa chake kimevunjika-vunjika mpaka leo. Ukiwa Kimana unaona wote wawili, Mawenzi kushoto na makovu yake, Kibo kulia na kofia yake. Hata kwenye ngano, ugomvi wa mlima huu ni nani aliutunza moto.

Kuna jina moja la mwenyeji ambalo limepenya. Mwaka 1989, Tanzania ilipoadhimisha miaka 100 ya Meyer kufika kileleni, mzee wa Marangu aitwaye Yohani Kinyala Lauwo aliheshimiwa kama kijana aliyewaongoza. Alikuwa ameongoza watu mlimani kwa miongo mingi sana. Alifariki mwaka 1996, na kama mwaka wa kuzaliwa unaotajwa, 1871, ni sahihi, alikuwa na zaidi ya miaka 120. Wanahistoria wamebishana sana juu yake, wengine wakisema jina lake halimo katika kitabu cha Meyer. Mimi ninachokiona katika ubishi huo ni kwamba ilichukua miaka 100 kwa mtu kuuliza, na kitabu kinachotumika kumpinga mzee ni cha yule yule ambaye kazi yake ilikuwa kuamua nani aandikwe.

Linganisha na Himalaya. Tarehe 29 Mei 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest wakiwa wamefungwa kamba moja. Nyuma yao kulikuwa na wapagazi zaidi ya 350. Hillary na kiongozi wa msafara, John Hunt, walipewa usir. Tenzing akapewa medali. Magazeti yakamwandama na swali moja, nani alitangulia kukanyaga? Wale wawili wakajibu kwa muda mrefu kwamba walifika pamoja, ni timu. Mwaka 1955 Tenzing akasema katika kitabu chake kwamba Hillary alitangulia hatua chache, basi. Alikuwa na kitabu cha kusemea. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mpagazi wa Himalaya akawa na jina duniani kwa sababu mmoja wao alifungwa kamba moja na mgeni hadi juu kabisa. Wetu aliachwa kambini, na kambi haipigwi picha.

Tulifika Kibo, mita 4,720, siku ya nne mchana. Hapo hakuna mti wala nyasi, ni mawe na upepo tu. Nikaketi na mmoja wa wagumu, mtu mzima kiasi, wa Rombo. Nikamwuliza amefika Uhuru mara ngapi.

"Mara mbili."

"Na hapa Kibo?"

Akacheka. "Hapa siwezi kuhesabu, kaka. Hapa ni ofisini."

Nikamwuliza mbona hapandi juu. Akanitazama kama mtoto. "Nikipanda, nani atakuwa hapa mkirudi?"

Tuliondoka usiku wa manane. Sitaki kuupamba usiku ule. Ni kutembea polepole gizani kwenye kokoto zinazoteleza, huku hewa ikipungua mpaka, kule juu, unapata karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Kwenye mita 5,150 hivi kuna pango linaloitwa, bila shaka, pango la Hans Meyer. Hapo rafiki yangu aliketi akatapika, akajaribu kusimama akayumba. Mwongozaji akamwangaza machoni kwa taa, akamwuliza jina la mamake na siku ya leo. Siku akakosea. Ikaisha hapo. Kwenye ugonjwa wa mwinuko hakuna ushujaa. Dawa ni kushuka, tena mara moja.

Nikasema nashuka naye. Akakataa, kwa sauti ya mtu mlevi lakini kwa uhakika. "Buda, mmoja wetu afike. Mimi niko na huyu." Msaidizi akamshika mkono, na taa zao mbili zikaanza kushuka. Nikazitazama mpaka mwongozaji akaniambia twende, tutaganda.

Nilifika Gilman's kukipambazuka, nikapita Stella, nikafika Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limeshatoka. Jina hilo lilitolewa Desemba 1961, usiku ule Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka mwenge na bendera pale juu, na Kaiser akafutwa. Hilo linanifurahisha kila nikilifikiria: kwamba jina linaweza kubadilishwa. Pembeni barafu ilikuwa imesimama kama kuta za nyumba iliyobomolewa. Klute na Oehler waliichora ramani mwaka 1912, na wanasayansi walipopima tena hadi 2007 wakakuta karibu asilimia 85 ya ile ya 1912 imeisha. Nikapiga picha kwenye kibao. Nikatafuta Kimana upande wa kaskazini. Mawingu matupu.

Niliposhuka Kibo, rafiki yangu alikuwa ameketi juu ya jiwe nje, amejifunga blanketi la mpishi, rangi imemrudia. Yule mgumu wa Rombo alikuwa amemkalia tangu saa kumi usiku, akimnywesha maji kidogo kidogo. Kulikuwa na uji. Kulikuwa na chai ya tangawizi.

"Uliona kwetu?" akaniuliza.

"Mawingu."

"Mimi nimeona," akasema. "Saa kumi na mbili na nusu, kabla hayajapanda. Tulitoka na huyu mzee tukazunguka kidogo huku nyuma. Tambarare yote, mpaka ile kijani ya kinamasi chetu."

Langoni nilipewa cheti chenye jina langu, tarehe na saa. Yeye hakupewa kitu, kwa sababu kanuni ni kwamba anayeandikwa ni aliyefika ukingoni. Hakujali. Aliniambia nyumbani watamwamini tu, na waliomwamini ndio wale wale waliotuona wazimu.

Mambo ya wapagazi yamesogea kidogo. Tangu 2003 kuna mradi unaowatetea, unaofuatilia malipo yao, chakula chao, nguo zao za baridi na mahali wanapolala. Mzigo una kikomo, kilo 20, na ile mizani ya langoni ndiyo kazi yake. Kampuni zingine hufuata, zingine hupitia mlango wa nyuma, na wagumu wenyewe watakuambia ni zipi ukikaa nao vya kutosha. Kwa hiyo kama wewe unayesoma hii unapanga kwenda, na najua wengi wa Nairobi mnapanga kila Desemba, uliza wapagazi wanalipwa vipi na wanalala wapi kabla hujauliza bei ya picha.

Mimi nilifanya jambo moja dogo. Siku ya mwisho, tukingoja gari, niliandika majina ya wale tisa kwenye daftari, kamili, na kila mmoja anakotoka. Nilipowaambia nataka kuyachapisha, wanne wakaniomba nisifanye hivyo. Kazi ni ya msimu, wenye kampuni husoma, na anayeonekana amesema sana huenda asiitwe safari ijayo. Kwa hiyo hayamo hapa, hata ya wale watano, maana ukitaja watano wanne wanajulikana.

Nilikuwa nadhani historia inawasahau watu kwa sababu tu walioandika hawakujali. Kumbe kuna na hili: asiye na uhakika wa mshahara wa kesho hana uhuru wa kutajwa leo. Mwini Amani tunamjua kwa mistari michache ambayo mwajiri wake alichagua kuiandika. Alichofikiria yeye kule juu, wiki mbili na zaidi, mtu wa Pangani akitazama theluji, hakuna aliyekiuliza, na sasa hakuna wa kumwuliza. Daftari langu ninalo. Nimewaahidi wale tisa kwamba siku watakayoniambia ni sawa, nitayaandika yote, na kwa mpangilio wao, mpishi kwanza.